Chumvi ya Bunju

Nyumbani kwetu Nyamahanga ulifika wakati chumvi ikapigwa marufuku jikoni na kuruhusiwa sebuleni. Jikoni nilipika maharage yasiyo na ladha yoyote, kwa sababu nesi alikuwa amenikazia macho akisema mgonjwa wangu asiguse chumvi tena, presha yake si ya kuchezewa. Sebuleni, ndani ya tangi la kioo lililokaa juu ya meza niliyokuwa nikikatia vitambaa, aliishi samaki ambaye bila chumvi angekufa. Katikati yao nilikuwa mimi, fundi cherehani, mtu niliyezoea vitu vinavyopimika kwa futi kamba.

Samaki mwenyewe alikuwa bunju. Watu wa pwani wanamjua na hawamtaki. Akinaswa kwenye wavu hutupwa, kwa kuwa ana sumu, na akishtuliwa hunywa maji mpaka tumbo linatuna na yeye anakuwa duara kama chungwa lililoota miba. Mume wangu alikuwa dereva wa malori yanayopanda kutoka pwani, yanapita Nyakanazi, kisha yanashuka kwetu Ngara mpaka mpakani Rusumo. Safari moja lori lake lilikwama gereji, naye akaenda kutembea upande wa mikoko, pale mto unapoingia baharini. Kwenye kidimbwi kilichoachwa na maji kupwa akamkuta bunju mdogo, hazidi kidole gumba, akamtia kwenye ndoo. Alisafiri naye nchi nzima, ndoo imefungwa kamba nyuma ya kiti, kipampu cha betri kinapuliza hewa. Aliponipigia simu kwamba analeta samaki, mimi nilikwenda sokoni nikanunua nyanya.

"Huyu si wa kupika, mama," aliniambia alipofunua ndoo. "Ni wa kutazama."

Nilimtazama yeye badala ya samaki. Nyanya nilizila na ugali.

Mume wangu ni Msukuma. Alizaliwa upande wa Shinyanga, kabla baba yake hajahamia Bisibo na ng'ombe wake kutafuta malisho. Utotoni alichimba mchanga wa mto uliokauka, akangojea maji yachuruzike, ng'ombe wanywe kwanza, watu baadaye. Aliwahi kuniambia kwamba katika miaka ile alikuwa akiota maji yaliyosimama tu, maji ambayo hakuna anayeyagombania. Mimi nimezaliwa Kasulo, huko Ngara, kwenye migomba na chemchemi, katika familia ya Kikatoliki inayosali rozari kila jioni, na sijawahi kuota maji hata mara moja. Kwa hiyo nilimcheka. Lakini fundi vioo wa Biharamulo mjini alipolileta lile tangi, nilisogeza cherehani dirishani nikaachia meza yangu.

Bunju wa aina ile si wa maji ya bahari kamili, wala si wa maji ya mtoni. Anataka maji yaliyochanganyika kama ya pale alipozaliwa, na kadiri anavyokua ndivyo anavyotaka chumvi iongezwe. Mume wangu alikuwa akileta chumvi ya bahari, mabonge ya kijivu kutoka kwenye mabwawa wanakoianika huko pwani. Ile ya pakiti ya dukani aliikataza kabisa, alisema imetiwa mambo mengine. Maji yalikuwa ya mvua. Na kipimo cha chumvi kilikuwa ulimi wake: alichovya kidole, akalamba, akafikiri kidogo, akaongeza au akaacha. Nilimwambia anunue kipimo cha kweli. Mtu ambaye kila siku anapitisha lori kwenye mizani, anawezaje kupima kwa ulimi? Akanijibu kwamba yeye hajawahi kuniona nikipima chumvi ya mboga kwenye mizani, na kila siku anakula.

Chakula cha bunju ni taabu nyingine. Meno yake hayaachi kukua. Asipopata kitu kigumu cha kuvunja, yanarefuka mpaka mdomo unashindwa kula, basi anakufa njaa huku chakula kikielea mbele yake. Dawa yake ni konokono. Mume yuko barabarani, konokono wako bondeni kwenye mifereji ya mpunga, na nyumbani yuko nani? Wenzangu walikuwa wakipalilia, mimi nimeinama na kopo. Kwetu huku mwanamke akiokota vitu visivyoeleweka watu hawamwulizi, wananong'ona. Niliwaachia wanong'one. Na sitadanganya, nilianza kumpenda yule samaki. Alikuwa na macho mawili yanayozunguka kila moja kivyake, moja likinitazama mimi, lingine likimchunguza konokono, na alipomvunja gamba nilisikia mlio mdogo nikiwa nje ya kioo. Lakini mume wangu akirudi safari, mimi sikuwa mtu tena. Bunju alibanana na kioo upande aliko yeye, akatikisika mwili mzima kama mbwa aliyefunguliwa lango.

Baba mkwe alipomwona mara ya kwanza alisimama mlangoni na fimbo yake, akahesabu kwa macho ndoo za maji zilizomo mle ndani.

"Maji yote haya," alisema, "hanywi mtu, hanywi ng'ombe?"

"Anaishi humo, baba," mume wangu akamjibu.

"Na yeye analiwa lini?"

Alipoambiwa haliwi, haui panya, hatagi, mzee aliketi akanywa uji wake. Alikuwa mtu aliyewapitisha ng'ombe kwenye ukame kwa kuwatafutia matone. Niliona kabisa kwamba tumemwumiza.

Mume wangu alianguka asubuhi akifunga viatu vya safari. Alikuwa ameinama, na nilidhani anatafuta kiatu cha pili chini ya kiti. Niliposikia sauti aliyoitoa nilijua. Sina ninachokumbuka vizuri cha hospitali zaidi ya dawati refu na watu wanaopita wakiwa wamevaa kandambili. Aliporudi nyumbani, mkono wa kulia na mguu wa kulia havikuwa vyake tena, na maneno yalikuwa yamemwacha. Sauti alikuwa nayo. Aliijaza pumzi, akaikaza, mishipa ya shingo ikamsimama, kisha kilichotoka hakikuwa neno. Alijisikia mwenyewe kwamba si neno, na hilo ndilo lililoniua. Tulimtandikia kitanda sebuleni, pembeni ya tangi, kwa sababu chumbani hapakuwa na nafasi ya kumgeuza.

Basi yakaanza maneno. Samaki anayetuna ndani ya nyumba, na mwenye nyumba presha imemtunisha mpaka imempasua, watu wakaunganisha. Baba mkwe alikuja kutoka Bisibo kwa baiskeli na neno hilo hilo mdomoni.

"Mayu," aliniambia, ndivyo Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "mtoe huyu. Mtupe mbali."

Nilikuwa na majibu mengi. Kwetu Ngara mkaza mwana hamjibu baba mkwe, hata jina lake halitamki. Kwa Wasukuma mzee habishiwi na mkwewe. Nilikuwa nimefungwa kwa kamba mbili. Nikasema, "Sawa, baba," nikaenda kuchukua ndoo, huku nikimlaani kimoyomoyo pamoja na fimbo yake.

Niliporudi na ndoo nilimkuta mzee amesimama katikati ya chumba hajitikisi. Bunju alikuwa ameibana pua yake kwenye kioo upande wa kitanda, anatikisika. Na mwanawe, ambaye tangu atoke hospitali alikuwa akitazama dari tu, alikuwa amegeuza kichwa. Mkono wa kushoto ulinyanyuka polepole, ukavuka shuka, kidole kikagusa kioo. Bunju akakifuata kidole. Kikaenda huku, akaenda huku. Upande mmoja wa uso wa mume wangu ukatabasamu, ule unaoweza.

Mzee aliketi kwenye kigoda. Alitazama muda mrefu, na sikuwahi kumwona akitazama kitu muda mrefu hivyo ambacho hakina pembe.

"Rudisha ndoo, mayu," akasema.

Tangu siku ile nilijua ninachokilinda. Wahudumu walinifundisha kumnyoosha viungo, kumketisha, kumwambia ainue hiki na kile. Kwangu hakuinua kitu. Kwa bunju alijivuta mpaka akaketi. Kila asubuhi nilimwegemeza kwenye mito, nikampa konokono mmoja mmoja katika mkono wa kushoto, naye akawadondosha ndani ya tangi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake duniani. Bunju akifa, nilijiambia, huyu atarudi kwenye dari, na kutoka kwenye dari sitajua jinsi ya kumrudisha.

Nani sasa ajuaye kipimo cha chumvi? Maji yalipofika siku ya kubadilishwa nilitia chumvi kwa kukisia, viganja viwili, nikaongeza kidogo, nikaogopa, nikapunguza kwa ndoo ya mvua. Kesho yake bunju alikuwa amegeuka mweusi, amelala chini, mkia ameukunjia ubavuni. Nililia kwa hasira. Nilimsemesha mume wangu kama vile ananificha kwa makusudi: "Ngapi? Niambie ngapi!" Akakaza shingo yake, sauti ikatoka, haikuwa neno. Nikatamani kujitia kofi.

Kisha alinyoosha mkono, akanielekeza kwenye tangi, akaurudisha mkono akagusa mdomo wake. Nilidhani ana kiu. Nikaleta maji ya kunywa, akayasukuma yakamwagika. Akaelekeza tena, akagusa mdomo tena, akitoa ulimi. Ndipo akili ikanijia. Nilichota maji ya tangi kwa kijiko cha chai, nikamlowesha ncha ya ulimi tu, kwa maana kumeza kulikuwa bado kunamsumbua. Alifumba macho akafikiri kidogo, vile vile kama zamani. Kisha akasugua vidole, kidole gumba kwenye cha shahada, kama mtu anayenyunyiza chumvi kwenye mboga.

Ongeza. Niliongeza, nikakoroga, nikaleta kijiko. Akasugua tena. Nikaongeza tena, nikaleta. Safari hii aliinua kiganja wazi mbele yangu: imetosha.

Nilicheka mpaka majirani wakachungulia. Jioni yake bunju aliinuka akaja kwenye kioo. Tulikuwa tumezungumza, mimi na mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu anguko, na tulichozungumza ni chumvi. Hakuweza kuniambia panapomuuma. Hakuweza kuniambia kama anataka kugeuzwa, kama anaogopa, kama ananichukia ninapomfuta. Lakini chumvi aliweza. Nesi sikumwambia chochote. Ladha pekee ya chumvi iliyopita ulimini mwa mwanamume yule ilikuwa ya samaki wake, na kama ni dhambi basi nimeikubali.

Baba mkwe naye alijifunza. Alikuja kila baada ya siku chache, akaketi kwenye kigoda, na nilipobadilisha maji aliniomba kijiko amwonjeshe yeye mwenyewe. Mzee wa Kisukuma, vidole vimekomaa kwa kamba, akimpelekea mwanawe mtu mzima ncha ya kijiko kwa uangalifu wa mtu anayemnywesha ndama yatima. Kiganja kikiinuka alinigeukia, "Imetosha, mayu," kana kwamba mimi sikuona. Siku hizo nilimsamehe yote.

Chumvi ya bahari ikaanza kwisha. Aliyekuwa akiileta ndiye huyu kitandani. Niliwapigia madereva wenzake, wakaniambia shemeji usijali, safari ijayo. Safari ijayo ya dereva ni kama mvua ya huku kwetu mwezi wa tisa, unaiona inatanda na inaenda kunyesha kwa wengine. Nilikung'uta gunia. Nilimlalamikia baba mkwe bila kumwomba kitu, nikisema tu kwamba chumvi ikiisha sijui nitafanya nini, na ile ya dukani mwenye samaki aliikataza. Alitikisa kichwa, akapanda baiskeli yake.

Juma hilo shangazi yangu akafariki Kasulo, sikuwa na budi kwenda kuzika. Baba mkwe alikuja kukaa na mwanawe. Nilimwachia uji, dawa na kopo la konokono, nikaondoka moyo ukiwa nyuma.

Niliporudi nilimkuta amechangamka mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Poleni na msiba. Mgonjwa hajambo, amekula. Na mfugo wetu nimembadilishia maji."

Nilitazama tangi. Maji yalikuwa safi, bunju yuko kwenye kioo.

"Chumvi umepata wapi, baba?"

Akanionyesha mfuko uliosimama pembeni ya kigoda, umebaki robo. Ilikuwa chumvi ya mifugo. Naijua sana, kila boma la Wasukuma huku linayo, ile yenye madini, wanayowalambisha ng'ombe ili watoe maziwa na ndama wawe na mifupa. Ina rangi ya kijivu yenye wekundu kwa mbali.

"Ya dukani amekataa mwenyewe," mzee akaeleza, "na amefanya vizuri, ile ni ya watu. Samaki si mtu. Anafugwa, basi ni mfugo. Hii ndiyo chumvi ya mfugo, ya dalaja la kwanza, nimewapunguzia ng'ombe nikamletea. Mkono mtupu haulambwi, mayu."

"Na yeye ameonja?"

"Ameonja. Nimeongeza mara tatu, akainua kiganja."

Nilimgeukia mume wangu, naye akainua kiganja tena ili nami nione. Nilichovya kidole nikalamba. Ilikuwa sawasawa kabisa. Nilimshukuru mzee kwa kupiga magoti, na nilishukuru kwa dhati, kwa sababu nilikuwa nimeota njia nzima kutoka Kasulo kwamba nitamkuta bunju amelala chini.

Kesho yake konokono walianza kuanguka. Kwa kawaida wale ambao hawajaliwa walitambaa kwenye kioo siku kadhaa. Sasa waliachia mmoja mmoja, wakashuka chini, miguu yao ikining'inia nje ya gamba. Bunju alimkaribia mmoja, akamtazama kwa jicho moja, akamwacha. Mchana alikuwa akihema upesi upesi juu ya maji. Mume wangu aligonga kioo kwa kidole. Bunju hakuja. Akagonga tena. Kisha akanitazama, na mimi nikachukua ule mfuko nikakimbia nao mpaka duka la dawa za mifugo.

Dada wa dukani aliusoma mfuko kidogo tu.

"Mama, hii ina shaba. Ng'ombe anaihitaji, kidogo kidogo. Konokono inamuua. Na samaki nao haiwaachi."

"Lakini ladha ilikuwa sawa!"

"Shaba kidogo hivyo huionji, mama."

"Sasa nifanyeje?"

"Mtoe kwenye hayo maji, upesi."

Nilirudi nikamtia kwenye ndoo ya maji ya mvua na chumvi ya pakiti, ile iliyokatazwa, maana nyingine sikuwa nayo. Nilimwonjesha mume wangu, akasugua, nikaongeza, akainua kiganja, yote haraka haraka. Ndoo niliiweka kitandani kabisa, ubavuni pake, aone ndani. Nilimweleza yale yote niliyoambiwa, sikuweza kumficha, uso wangu haufichi kitu. Alifumba macho aliposikia neno shaba.

Nilibadilisha maji tena, na tena. Mfa maji haachi kutapatapa, wanasema, lakini huyu maji ndiyo yalikuwa kwake. Alizunguka ndoo akiegemea upande mmoja. Mara moja alituna, bila kushtuliwa na mtu, akabaki duara juu ya maji, tumbo jeupe juu, kisha taratibu akapungua. Mume wangu alikuwa ameuingiza mkono wa kushoto ndani ya ndoo. Hakumshika. Aliuacha tu mkono humo, kiganja juu, na samaki akaja akatulia juu yake. Alifia hapo. Kulikuwa kweupe, redio ya jirani inaimba, watoto wanatoka shule na sare nilizowashonea mimi.

Nilimzika nyuma ya nyumba chini ya migomba, shimo refu, kuku wasije wakamfukua wakafa na sumu yake. Nilirudi ndani nikanyoosha mkono kuzima pampu ya tangi. Mume wangu alipiga ukingo wa kitanda kwa ngumi mpaka nikaiacha. Ikaendelea kupuliza mapovu ndani ya maji yasiyo na kitu.

Alirudi kwenye dari. Niliyatarajia, lakini kuyatarajia hakukuyafanya mepesi. Nilimwegemeza kwenye mito, akateleza. Nilimpa kijiko cha uji, akageuza uso. Niliwafuata madaktari, nilimfuata padri, nilimletea mpaka kopo la konokono nikamtia mmoja mkononi, akafungua vidole akamwacha aanguke sakafuni.

Hasira yangu yote nikaielekeza Bisibo. Nilikanyaga cherehani nikishona sare huku namsema mzee kwa sauti. Nani alikutuma? Mfugo, mfugo, kila kitu kwenu ni mfugo! Nilipanga maneno kama ninavyopanga vipande vya suruali kabla ya kuunganisha, hakuna kilichobaki nje. Heshima nilisema nitaiomba radhi baadaye.

Akaja. Alikuwa amepata habari kwamba samaki amekufa, lakini hakuna aliyemwambia kwa nini. Aliegemeza baiskeli ukutani, na nyuma ya baiskeli palikuwa na mfuko mwingine wa chumvi ile ile, umefungwa kwa mpira. Nilipouona damu ilinipanda.

"Shikamoo," nilisema, na ilitoka kavu.

"Marahaba, mayu." Aliingia, hakuketi. Alisimama mbele ya tangi, kofia mkononi. Nilifungua mdomo. Yeye akatangulia.

"Ni mimi," alisema. Hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akimtazama mwanawe. "Nilikuwa na mifuko miwili. Nikaleta mmoja, mwingine nikawabakizia ndama. Nilisema, samaki mdogo vile, mfuko mmoja utamtosha. Nimemnyima, ng'wanone. Nimewapa ng'ombe, nimekunyima wewe, mwanangu." Akaikunja kofia. "Chumvi ilimpungukia."

Yale maneno yangu yote yalikuwa tayari. Nilihitaji kusema moja tu, shaba, na mzee angebeba jambo hilo mpaka kaburini, akijua kwamba mkono wake ndio uliompokonya mwanawe kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Na nisingesema, angebeba lile lingine. Nilisimama pale nimeshika mkasi, sijui nimfanyie nini, namchukia na namhurumia kwa mpigo mmoja.

Kitanda kikalia. Mume wangu alikuwa anajivuta. Alishika ukingo kwa mkono wa kushoto, akavuta, akapumzika, akavuta tena, mpaka akaketi bila mtu kumsaidia, kichwa kikimlalia upande. Alinitazama mimi kwanza, akakaza macho mpaka nikafunga mdomo. Halafu akanyoosha mkono kwenye tangi, akaurudisha, akagusa mdomo wake.

Nilileta kijiko. Nilitaka kukataa, yale yalikuwa ni maji yale yale yenye shaba, lakini alikuwa ameshatoa ulimi. Nilimlowesha ncha tu. Alifumba macho, akafikiri. Pampu iliendelea kupuliza.

Kisha akamgeukia baba yake, akainua kiganja.

Mzee hakuelewa mara moja. Mume wangu akakinyanyua zaidi, akakiacha hapo hewani mbele ya uso wa baba yake. Imetosha. Baba mkwe alichukua kijiko mkononi mwangu, akachota, akalamba mwenyewe kabla sijamzuia. Akatikisa kichwa polepole.

"Kweli," akasema. "Ilitosha." Akaketi kwenye kigoda, akajifuta macho kwa kofia. "Basi ilikuwa siku yake tu."

"Ndiyo, baba," nilisema. "Ilikuwa siku yake."

Nilimpikia ugali na maharage yasiyo na chumvi, akala yote hakulalamika. Alipoondoka, ule mfuko wa pili alirudi nao kwa ndama, na nilimsindikiza mpaka barabarani kama inavyotakiwa. Niliporudi mume wangu alikuwa bado ameketi, anatazama maji. Nilikwenda nikasimama kando ya swichi nikamwuliza kama sasa nizime.

Akainua kiganja, nikazima.